Kwa nini faru walibaki Kreta wakaisha Oldupai

Katikati ya miaka ya 1960 mtafiti John Goddard aliwaandikisha faru weusi wa Ngorongoro mmoja mmoja, akiwatofautisha kwa umbo la pembe, mikunjo ya pua na michaniko ya masikio. Ndani ya Kreta alipata faru 108. Upande wa magharibi, kwenye Bonde la Oldupai, alipata wengine 70. Makundi hayo mawili yalikuwa chini ya sheria moja na mamlaka moja, iliyoanzishwa mwaka 1959 Ngorongoro ilipotengwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Miaka 20 baada ya hesabu ya Goddard kundi la Oldupai lilikuwa limekwisha. Kreta nayo ilipoteza wengi, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 waliosalia hawakuzidi 15, lakini hao wachache ndio waliozaa kizazi ambacho mgeni anayepitia Karatu leo na kushuka Kreta bado anaweza kukiona. Sheria ilikuwa moja, matokeo yakawa mawili. Hoja ya makala haya ni kwamba kiumbe anayezaa polepole, naye ana kiungo chenye bei kubwa sokoni, haokolewi na marufuku peke yake. Huokolewa na watu wanaomjua, wanaomhesabu na wanaoulizwa akikosekana. Hoja hiyo ilithibitishwa nyanda za juu za Ngorongoro kwa gharama kubwa, na sasa inahitajika pwani, ambako papa na taa wanaifuata njia ile ile ya faru.

Jangili aliyeingia Oldupai alitaka pembe, na pembe ilikuwa na wateja wa mbali. Huko Yemen, fedha walizochuma vibarua katika nchi za mafuta miaka ya 1970 ziliwawezesha wanaume wengi kununua jambia lenye mpini wa pembe ya faru, kitu ambacho zamani kilikuwa cha wakubwa tu. Mashariki ya Mbali pembe ilisagwa ikawa dawa. Maabara zinasema pembe hiyo ni keratini, kitu kile kile kinachounda kucha na nywele za binadamu, ila mnunuzi hakuwasubiri wataalamu wamweleze. Mwaka 1970 Afrika ilikadiriwa kuwa na faru weusi wapatao 65,000. Mwaka 1995 walikuwa takriban 2,400. Katikati ya anguko hilo, mwaka 1977, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, CITES, ulimwingiza faru mweusi katika orodha yake ya juu kabisa, ile inayokataza biashara ya kimataifa. Faru waliendelea kuuawa kwa karibu miaka 20 marufuku ikiwa mezani. Yemen ilizuia kuingizwa kwa pembe mwaka 1982, China ikafunga soko lake la ndani mwaka 1993. Kila hatua ilipunguza nguvu ya mnunuzi, lakini Oldupai haikuwa na muda wa kuzisubiri.

Kuchelewa ni hatari kwa faru kuliko kwa swala au nyumbu kwa sababu ya namna anavyozaa. Jike hubeba mimba miezi 15 hadi 16, huzaa ndama mmoja, humlea miaka miwili au mitatu kabla ya kuzaa tena, na mara nyingi huwa amefika miaka sita au saba ndipo apate ndama wa kwanza. Chukua kwa mfano kundi la faru 30 lenye majike 10 wanaozaa. Mwaka ukiwa mzuri litapata ndama watatu au wanne, na hapo fisi na simba hawajachukua fungu lao. Jangili mmoja mwenye bunduki anaweza kuufuta uzazi huo wa mwaka mzima katika juma moja. Mfugaji wa Ngorongoro au wa Mbulu hahitaji mtaalamu kumfafanulia jambo hili: anajua zizi haliishi kwa sababu ya kuchinja, huisha siku mitamba inapoanza kuchinjwa.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo kipimo cha taarifa tunazopewa. Mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba faru nchini wameongezeka kutoka 15 hadi 167 ndani ya miaka minne. Hata kama wangeongezeka kwa asilimia 10 kila mwaka, kasi ambayo ni kubwa mno kwa mnyama huyu, 15 wangefika 22 tu katika muda huo. Tofauti iliyobaki haiwezi kuwa imetoka tumboni mwa faru. Inapaswa kutafutwa katika namna ya kuhesabu na katika wanyama walioletwa kutoka nje. Mashaka yenyewe hayako kwenye ile 167, yako kwenye ile 15. Takwimu ya mwanzo ikiwekwa chini mno, ongezeko huonekana kama muujiza wa miaka michache, kumbe ni jasho la walinzi waliokesha porini kwa miongo miwili. Anayetaka kuendeleza kazi hiyo lazima ajue ilifanywa na nani, lini na kwa namna gani.

Basi Kreta ilikuwa na nini ambacho Oldupai haikuwa nacho? Kwanza, umbo. Kuta zake zina kimo cha karibu mita 600, sakafu yake ni kama kilomita za mraba 260, na magari hushuka na kupanda kwa njia chache zinazojulikana. Sehemu kubwa ya sakafu ni mbuga ya majani mafupi ambako faru huonekana kutoka mbali, tofauti na vichaka na makorongo ya Oldupai. Pili, macho. Watalii, madereva wao na askari wapo humo kila siku ya mwaka. Lakini ukuta na watalii havikutosha, kwa maana Kreta hiyo hiyo ilishuka kutoka faru 108 hadi chini ya 15. Kilichozuia anguko ni ulinzi uliopangwa upya. Operesheni Uhai ya mwaka 1989, iliyounganisha jeshi, polisi na askari wa wanyamapori, ilivunja nguvu za majangili nchini kote. Katika miaka ya 1990 Kreta ikawa na kikosi cha kuwafuatilia faru usiku na mchana, kikisaidiwa na Shirika la Wanyama la Frankfurt, na masikio ya faru yakakatwa alama ili askari yeyote aweze kuandika ni nani aliyeonekana, wapi na saa ngapi. Kazi ya Goddard ya kuandikisha, iliyoanza kama utafiti, ikageuka kuwa ulinzi.

Matunda yake yana majina. Fausta, jike aliyeandikishwa mara ya kwanza mwaka 1965, aliishi huru Kreta zaidi ya nusu karne, akatiwa zizini mwaka 2016 baada ya kujeruhiwa na fisi, na alipokufa tarehe 27 Desemba 2019 Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ilikadiria umri wake kuwa miaka 57. Rajabu, dume lililozaliwa Ngorongoro, alitembea mwenyewe miaka ya 1990 hadi Moru, Serengeti, ambako ujangili ulikuwa umeacha majike wawili tu. Kundi lililokuwa likingoja kufa likapata uzao. Rajabu alikufa mwaka 2022, lakini kisa chake kinaonyesha jambo ambalo ramani za hifadhi hazisemi: eneo moja lililolindwa vizuri linaweza kulirudishia uhai eneo la jirani lililoshindwa.

Utamaduni wa kumjua faru kwa jina ulijaribiwa hadharani kwa kisa cha Faru John. Dume hilo lilihamishwa kutoka Kreta Desemba 2015 kwenda Grumeti, magharibi mwa Serengeti, na likafa Agosti 2016. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipofika Ngorongoro Desemba mwaka huo alitaka nyaraka za uhamisho na ushahidi wa kifo. Pembe zikawasilishwa, uchunguzi ukafanyika, vinasaba vikapimwa ili kuthibitisha kama pembe zile ni za John kweli. Wapo waliocheka kwamba taifa lenye shida nyingi linahangaika na mnyama mmoja. Kwa nyumbu, kicheko hicho kingekuwa na haki. Kwa mnyama ambaye kundi lake zima liliwahi kuwa na vichwa chini ya 15, kutojua mmoja yuko wapi ni sawa na kutojua zaidi ya sehemu ya kumi na tano ya rasilimali yote. Swali lile la Waziri Mkuu linapaswa kuwa utaratibu wa kawaida, liulizwe kwa kila faru bila kusubiri mkubwa afike.

Bunduki pia siyo adui pekee wa kundi dogo. Udugu wa damu hulidhoofisha, na ndiyo maana mwaka 1997 waliletwa majike wawili kutoka Hifadhi ya Addo ya Afrika Kusini, wazao wa faru waliochukuliwa Kenya miaka ya 1960, hivyo ni wa ukoo ule ule wa Afrika Mashariki. Kisha ukaja ukame wa mwaka 2000, na kati ya mwaka huo na 2001 faru kadhaa wa Kreta walikufa kwa babesia, ugonjwa unaoenezwa na kupe, wakati ambao nyati wengi nao walikufa. Watafiti waliochunguza vifo hivyo waliitazama nyasi: kwa miaka mingi uchomaji wa majani ulikuwa umeachwa, mifugo ilikuwa imepungua ndani ya Kreta, majani yakawa marefu na kupe wakapata makazi. Uchomaji wa mpango ukarejeshwa. Marufuku isingeweza kumtambua kupe. Aliyemtambua ni mtu aliyekuwa akifuatilia afya ya kila faru.

Hapo tunafika kwenye pingamizi zito, linalohusu watu. Kuna wanaosema faru hawezi kupona mahali penye wafugaji, na kuna wanaosema faru ni kisingizio tu cha kuwaondoa Wamaasai. Ushahidi wa Kreta hauwapi ushindi wa mkato wowote kati yao. Goddard alipowaandikisha wale 108, yalikuwapo maboma ndani ya Kreta. Wakazi hao waliondolewa mwaka 1974, na faru wakaendelea kupungua, kwa sababu aliyewaua alikuwa soko la pembe ambalo halikukaa katika boma lolote. Wakati huo huo haifai kuficha kwamba katika miaka ya mwanzo ya mamlaka, faru kadhaa walichomwa mikuki katikati ya mvutano wa ardhi: mtu anayeona mnyama ndiye sababu ya kunyang'anywa malisho anaweza kumgeuza mnyama huyo kuwa adui. Leo idadi ya wakazi wa Ngorongoro imefika karibu 100,000 kutoka 8,000 hivi mwaka 1959, na tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikiwahamishia wengine Msomera, Handeni. Mjadala huo una hoja zake za ardhi, maji, malisho na haki, na ujadiliwe kwa hoja hizo. Faru asiitwe shahidi wa upande wowote, kwa maana historia yake haitoi ushahidi huo.

Pingamizi la pili linatoka Karatu, nalo lina haki zaidi kuliko linavyopewa. Mkulima wa Rhotia, Mbulumbulu au Oldeani anayepakana na msitu wa hifadhi hakutani na faru. Anakutana na tembo na nyati ndani ya mahindi yake. Anasikia fedha zinavyotumika kumlinda mnyama asiyemwona, halafu anangoja kifuta jasho cha shamba lililoliwa, na fedha hiyo ikifika haifikii thamani ya magunia aliyopoteza. Jibu la kawaida ni kwamba msitu ule ndio unaolisha chemchemi na mito ya Karatu, na kwamba hoteli, karakana na maduka ya mji yanaishi kwa wageni wa Kreta. Jibu hilo ni kweli, lakini halitoshi. Maji humfikia kila mtu na faida ya hoteli humfikia aliyeko barabarani, ilhali hasara ya tembo humwangukia mwenye shamba la mpakani peke yake. Ulinzi wa mnyama mmoja mmoja hutegemea taarifa, na mtu wa kwanza kumwona mgeni asiyeeleweka akiingia msituni ni huyo mkulima. Kumlipa fidia kwa wakati na kwa kiwango cha haki ni sehemu ya bajeti ya ulinzi kama yalivyo mafuta ya gari la doria.

Wengine wanauliza: ikiwa pembe ina thamani hivyo na hukua tena ikikatwa, kwa nini isiuzwe kihalali ili faru ajilipie ulinzi? Afrika Kusini imejaribu kwa upande wa soko la ndani, lililofunguliwa tena mwaka 2017 kwa uamuzi wa mahakama. Mfugaji mkubwa kuliko wote, John Hume, alikuwa na faru weupe wapatao 2,000 na ghala la pembe. Aprili 2023 alipeleka shamba na faru wake mnadani, na hakuna aliyejitokeza kununua. Mwaka huo huo shirika la African Parks likawachukua faru wote ili warudishwe porini. Kama faru 2,000, weupe na wapole, wanaokula nyasi na kukaa kwa makundi, walimshinda tajiri kuwagharamia, faru weusi wachache wanaoishi kwa kujitenga na kula vichaka hawawezi kuendesha biashara hiyo. Tena soko halali huvipa vitu haramu mahali pa kujificha, maana pembe haiandikwi usoni ilitoka kwa faru aliyekatwa akiwa hai au aliyeuawa.

Wala hatuwezi kujifariji kwamba wakiisha tutaagiza wengine. Machi 2025 Ngorongoro ilipokea faru weupe 18 kutoka Afrika Kusini, na watavutia wageni, lakini faru mweupe hachukui nafasi ya mweusi: chakula chake ni kingine na ukoo wake ni mwingine. Faru weupe wa kaskazini waliishia vichakani Garamba, Kongo, katika miaka ya vita, na dume wa mwisho, Sudan, alikufa Ol Pejeta, Kenya, Machi 2018. Wamebaki majike wawili, mama na mwanawe. Sayansi ya maabara inahangaika kuwapatia uzao kwa gharama ambayo ingelipa askari wengi wa Garamba kama ingetolewa mapema.

Yote haya yana maana gani kwa anayekula samaki Karatu bila kuiona bahari? Maana yake ni kwamba nchi iliyolipa ada ya shule hii isirudie darasa. Tathmini ya kimataifa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya aina za papa na taa duniani ziko hatarini kutoweka, na sababu kuu ni kuvuliwa kupita kiasi. Papa wengi wana uzazi wa faru kuliko wa dagaa: papa pingusi jike huchukua zaidi ya miaka 10 kufikia umri wa kuzaa, na manta, taa mkubwa kuliko wote, huzaa mtoto mmoja kwa mara moja. Mapezi ya papa yana soko Asia kama pembe ilivyokuwa nalo. Papa upanga, aliyeishi kwenye midomo ya mito na maji ya matope, amepotea katika sehemu kubwa ya pwani yetu bila tume kuundwa wala mtu kuulizwa alikwenda wapi. CITES iliwaingiza papa pingusi na manta katika orodha zake mwaka 2013, na mwaka 2022, huko Panama, ukoo mzima wenye papa wanaovuliwa zaidi. Orodha waliyowekwa wengi wao haikatazi biashara. Inaitaka nchi ithibitishe kwanza kwamba inachouza nje hakiwamalizi walioko majini.

Atajibu mvuvi wa Kilwa au Mafia kwamba bahari haina kuta za Kreta, kwamba jarife halichagui anayenaswa, na kwamba papa mkavu ni kitoweo cha maskini. Yote ni kweli, na ndiyo maana askari wa faru hawezi kunakiliwa baharini. Kinachoweza kunakiliwa ni daftari. Papa potwe wanaokusanyika karibu na Kilindoni, Mafia, tayari wanatambuliwa mmoja mmoja kwa picha za madoa yao, kwa mantiki ile ile ya Goddard na mikunjo ya pua, na wenye boti wanapata wageni kwa sababu yao. Kwa papa wengine hesabu itafanyika dikoni: aina gani imeshushwa, ukubwa gani, jike mwenye watoto tumboni au hapana. Maeneo yao ya kuzalia, hasa ghuba na mikoko, yafungwe jarife katika miezi ya kuzaa, na anayepoteza kipato katika miezi hiyo alipwe kabla hajageuka kuwa adui wa mpango. Hii si kazi ya gharama kubwa kama kulinda faru 15 usiku na mchana, kwa sababu ingefanyika wakati bado kuna wa kuhesabu.

Kwa hiyo yapo ya kudai sasa. Taarifa za faru zitolewe kila mwaka zikieleza njia ya kuhesabu, vifo, vizazi na walioletwa, ili ongezeko lisiwe tangazo tu. Kifuta jasho cha wakulima wa Karatu kiingie kwenye hesabu za ulinzi, na si kwenye hesabu za huruma. Na pwani, kibali cha kusafirisha mapezi nje ya nchi kisitolewe kwa aina yoyote ya papa au taa ambayo madiko yetu hayajaanza kuiandika.